Murdina Amemaliza Mashimo Tisa

Jumamosi iliyopita, tarehe 28 Septemba, Bi Murdina MacAskill alistaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza nyasi za uwanja wetu wa gofu hapa kijijini Ardvannoch. Uwanja ni mdogo, upepo ni mkubwa, na ninayeandika haya bado sauti imenikauka kwa kushangilia.

Alianza kazi na mashine iliyowaka ilipotaka yenyewe, na kondoo wa jirani ambao hadi leo wanaamini uwanja ni mali yao. Ni yeye aliyezungushia waya kila shimo. Ni yeye aliyeufufua uwanja mwaka ule bahari ilipoingia hadi shimo la nne, na ni yeye aliyemfukuza kwa reki mheshimiwa mmoja mgeni aliyekanyaga nyasi changa kwa viatu vya misumari. Mheshimiwa yule alirudi mwaka uliofuata, akavua viatu langoni bila kuambiwa.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomuuma. Kwenye kibanda cha klabu upo ubao wenye jina la kila mwanakijiji aliyewahi kutia mpira katika mashimo yote tisa katika mchezo mmoja bila kuishia njiani. Wapo watoto, yupo kasisi, yupo hata mbwa wa Lachie, tarishi wetu wa zamani, ingawa jinsi mbwa huyo alivyocheza bado tunabishania. Murdina hakuwemo. Kila alipoanza mchezo aliona kipande cha nyasi kilichong'oka, akainama kukirudisha, akaona kingine, na kufika shimo la tatu fimbo zimeshatelekezwa na yeye anasukuma toroli. Mkesha wa mwaka mpya alimwambia mwenyekiti wetu, Ishbel Gunn, mbele ya watu: "Sitoki hapa bila jina langu kwenye ubao ule. Mkitaka nifungeni kamba!"

Kamba hatukumfunga, ila tulimwekea sharti. Akiinama kutengeneza kitu chochote, mchezo umekwisha na jina haliandikwi. Jumamosi hiyo Ishbel alifunga ghala la vifaa, kisha akampekua mbele ya kijiji kizima. Tulitoa mkasi, waya, uma wa kutengenezea nyasi, na mbegu ndani ya soksi.

"Na hizi?" Ishbel aliuliza, mbegu mkononi.

"Za kunitia joto," Murdina alijibu, uso mkavu kabisa.

Akaanza, Lachie akimbebea fimbo na kumwokotea mpira kila shimo, na sisi wengine tukifuata nyuma kama harusi. Shimo la kwanza na la pili alipita vizuri. La tatu, pembeni mwa mpira wake, palikuwa na kipande cha nyasi kimelala chali.

"Mikono mfukoni, mama!" Ishbel alipiga kelele.

"Nakitazama tu! Kutazama nako ni dhambi?"

Alipita. Nyuma yake watu wazima wanne waligombania kukirudisha kile kipande mahali pake.

Shimo la tano, kuna mtu alikuwa ameacha lango la waya wazi, na kondoo dume tunayemwita Jenerali alikuwa ndani akijilia kwa raha zake. Murdina alifumba macho, akaanza kuimba zaburi kwa sauti kubwa. Sisi tukamvamia Jenerali kutoka pande zote, na Ishbel, katika gauni lake la sherehe, akaishia chali kwenye shimo la mchanga. Murdina alipofumbua macho alimwambia tu, "Ukitoka, sawazisha mchanga."

Shimo la nane ndilo nusura limshinde. Bomba lilikuwa limepasuka, maji yanatiririka juu ya nyasi alizozipanda mwenyewe. Alisimama. "Basi," alisema. "Futeni. Ubao ni ubao tu, zile nyasi zangu zinakufa." Lachie ndiye aliyevua kofia yake, ile aliyoachiwa na baba yake, akaishindilia kwenye bomba na kuikalia kwa makalio yake. "Cheza, dada!" alisema. "Cheza upesi, maji ya baridi haya!"

Akacheza. Mapigo hatukuhesabu, na aliyehesabu anyamaze.

Shimo la tisa linaitwa Nyumbani. Mvua ilianza, sufuria la supu linachemka mlangoni mwa kibanda, wala hakuna aliyeligusa. Mpira wa mwisho ulizunguka ukingo wa shimo, ukasita, ukatumbukia. Kabla hatujashangilia, Murdina akapiga goti, akanyoosha mkono kwenye nyasi.

"Murdina, acha!" kijiji kizima kilipiga yowe.

Alitugeukia huku mvua na machozi vikimtiririka mashavuni. "Nachukua mpira wangu, wapumbavu nyie!"

Miaka yote hii tumemwona akiinama kwa ajili yetu. Kwa ajili yake mwenyewe, ilikuwa mara ya kwanza. Nililia, na Ishbel alilia, mchanga bado ukimdondoka kwenye nywele.

Ahsante, Murdina, kwa kila jani. Jina lako lipo kwenye ubao, juu ya mbwa. Tunakutakia mapumziko marefu, magoti mazima na mvua ya kiasi. Jumatatu uwanja uko wazi: njoo na fimbo, toroli liache.