Mshipi Mfupi, Breki Ngumu

Siku ya gulio pale Ulemo, benchi la Mughwai muuza kahawa hujaa kabla soko lenyewe halijachangamka. Liko barazani kwa fundi cherehani, ubao mmoja mrefu wa mninga uliolazwa juu ya mawe, umeng'arishwa na suruali za watu wasio na haraka. Asubuhi ile hata waliozoea kusimama walitafuta pa kukaa. Leonidas alikuwa katikati, kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa, kikombe mkono wa kushoto, na kila aliyepita na mtama wake au jogoo wake alisimama kumtazama kama mtu aliyerudi kutoka kaburini. Habari ilikwisha kuenea: juzi, katika ziwa Kitangiri, Leonidas alimtoa mzungu majini. Tena mzungu yule yule aliyempiga kofi muda mfupi kabla.

Aliyeileta habari ni Alute, aliyekodiwa pamoja naye kupiga makasia katika mashua ya mzungu huyo. Kijiweni walimwita Redio, kwa kuwa akishaanza kusema hazimiki.

— Anza upya, alisema Zefania. Huyu walimwita Wakili. Aliwahi kutoa ushahidi mara moja barazani kwa mtemi, na tangu hapo hakubali neno bila kulihoji. — Samaki hawezi kumwangusha mzungu. Mzungu ana buti.

— Buti ndizo zilizomzamisha! alisema Alute. — Sikiliza basi. Sisi tunapiga makasia, yeye amekaa nyuma, anaburuta chambo majini kwa ule ufito wake wenye kigurudumu cha uzi. Chambo chenyewe si nyama. Kipande cha bati, kinang'aa, kina ndoano tatu. Kwanza akakiachia mbali, kama kutoka hapa mpaka mnadani kwa ng'ombe. Wapi! Maji ya Kitangiri tope tupu, samaki hakioni. Basi akakunja mshipi, ule uzi wake, akakileta karibu, hapo hapo kwenye povu la makasia. Ningenyoosha kasia ningekigusa.

— Karibu hivyo samaki si atakimbia kelele? aliuliza Paulo, utingo wa lori, ambaye walimwita Gia.

— Na sisi tulisema hivyo hivyo. Kumbe povu ndilo linalomwita. Anadhani visamaki vinakimbizana.

Leonidas alikunywa kahawa yake. Aliyaona yote upya bila kusimuliwa. Yule bwana, aliyeletwa kupima maji ya visima, alikuwa na kimizani kidogo cha kuning'iniza. Alikifunga kwenye mshipi, akakivuta, akazungusha nati ya kigurudumu, ndiyo breki yake, akavuta tena, mpaka uzi ukaanza kutoka kwa uzito anaoutaka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alitaka wamwelewe. “Uzi mrefu, kaza. Uzi mfupi, legeza.” Akawaonyesha kwa mikono: uzi mrefu unanyumbuka wenyewe, samaki akishtuka unampokea polepole. Mfupi haunyumbuki. Nguvu yote inafika mara moja, kwa hiyo breki lazima iachie mapema. Alijua kazi yake. Hilo Leonidas hakumnyima.

— Sasa kama alijua, alisema Wakili, — kilichomfanya akaze ni nini?

— Hasira, alisema Leonidas. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo, na wote wakamgeukia.

Alute akadakia. Samaki wa kwanza alikamata bati, uzi ukatoka ukilia, ndoano ikachomoka. Bwana akasema breki imelegea mno. Samaki wa pili alikuja wakati mashua inageuka. Leonidas hakuuona mshipi ulivyo karibu, kasia lake likaugonga, na samaki akaenda zake. Bwana akasimama, akamzaba kofi.

Kofi la mzungu halikuwa jambo geni kwa yeyote pale, ila hakuna aliyependa kulisikia likisimuliwa aliyepigwa akiwepo.

— Akakaa, aliendelea Alute kwa sauti ya chini. — Akaishika ile nati, akaikaza, akaikaza, mpaka kigurudumu kikawa bubu. Ukivuta uzi hautoki hata kidogo. Halafu akaufunga ufito kwenye mkanda wa suruali yake kwa ukanda wa ngozi, usije ukamponyoka.

— Mama yangu! Gia alijipiga paja. — Breki kali, mwendo uko pale pale! Lori likikanyagwa hivyo, mzigo wote unakuja mbele.

— Ndiyo hivyo. Na mzigo alikuwa yeye.

Alute hakuhitaji kueleza zaidi. Alisimama, akashika ufito wa hewa, akainama ghafla hadi kikombe chake kikamwagika. Hakukuwa na mlio wa uzi. Palikuwa na pigo moja tu, mashua ikalala ubavu, na pale alipokuwa bwana pakabaki kofia yake inaelea.

— Huyo si samaki, alisema Gia. — Huyo ni kiboko. Ndoano imemnasa sikio.

— Kiboko angepumua juu tungemwona, alisema Alute. — Sisi hatukuona kitu. Mpaka leo hatujui ni nini.

— Mimi najua, alisema Mughwai, huku akipuliza makaa chini ya birika. — Lile ziwa lina mwenyewe. Babu yangu aliliona likihama usiku na kurudi alfajiri, limechoka.

— Ziwa lihame liende wapi, Mzee Mughwai?

— Nikuulize wewe, Gia. Wewe ndiye unayesafiri.

Wakili akainua kidole. — Jamani, tusiwe washamba. Mjerumani alipokimbia vita vile vya kwanza aliacha vitu vingi. Vyombo vyake vingine vinatembea chini ya maji. Mwingereza hajavipata vyote. Ndoano imekinasa kimoja, nacho kikadhani vita havijaisha.

— Kutoka baharini kikapitia wapi kufika Iramba?

— Kwa reli mpaka Itigi.

Walicheka, hata Leonidas akatabasamu kidogo. Lakini Wakili hakuwa amemaliza naye.

— Wewe ndugu yangu, alisema akimgeukia, — acha samaki. Nataka kujua lako. Mtu amekuzaba kofi, shavu bado moto. Ameanguka mwenyewe, kwa breki aliyoikaza mwenyewe. Hukumsukuma. Ulikuwa na sababu gani ya kuruka?

— Aliogopa kuulizwa bomani, alisema Gia. — Watu weusi wawili wanarudi, mweupe harudi. Nani angewaamini?

— Au alitaka kumrudishia kofi humo humo majini, pasipo na shahidi, alisema Wakili.

— Au amelogwa, alisema Mughwai. — Ziwa limemwita.

Leonidas alikitazama kitambaa mkononi. Alijaribu kukumbuka kama alifikiri lolote, hakuona kitu. Alikumbuka kasia likimtoka mikononi. Alikumbuka maji yalivyo ya kahawia ndani, na miguu yake ikitafuta chini isipate chini. Alipapasa, akagusa nywele za bwana. Mtu yule alikuwa anakwenda, anaburutwa, ule ukanda umemkaza kiunoni, mikono yake inashika maji. Leonidas akafuata ukanda, akafuata ufito, akafika kwenye kigurudumu. Ile nati alikuwa ameiona ikizungushwa asubuhi nzima. Akaizungusha upande wa pili.

— Nililegeza breki, alisema.

— Majini?

— Humo humo. Uzi ukatoka mbio, ukanikata kiganja. Lakini yeye akaacha kuvutwa. Nikamshika ukosi wa shati. Baada ya hapo nikaona kasia la Alute.

— Niliwavuta wote wawili, alisema Alute. — Wazito kama magunia ya mtama yaliyolowa. Na bado hamjasikia la mwisho.

— Lipi tena?

— Mwambie mwenyewe, Leonidas. Mimi wataniita mwongo.

Leonidas aliweka kikombe chini. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, kuliko hata maji.

— Alitapika maji, akakaa, alisema. — Hana kofia, hana buti moja. Akanitazama kwa muda mrefu. Nikajua ananipiga tena, kwa sababu ya ule ufito uliopotea. Akasema, “Shikamoo.”



— Nani alisema? aliuliza Wakili polepole.

— Bwana.

— Akamwambia nani?

— Mimi.

— Mzungu, akuamkie shikamoo wewe Leonidas! Gia alisimama, akakaa, akasimama tena. — Lo! Labda alikunywa tope likampanda kichwani!

— Labda ndilo neno pekee alilobaki nalo, alisema Mughwai.

— Na wewe? Wakili alikuwa amemshika bega. — Wewe ulijibu nini? Angalia sana utakachosema, maana hapa pana kesi.

— Nilijibu marahaba.

— Umekwisha! Wakili aliachia bega lile kana kwamba limemuunguza. — Umemwitikia mzungu marahaba, kama mjukuu wako! Wakisikia bomani watakufunga.

— Afungwe kwa salamu? alisema Alute. — Alipofika nchi kavu aliniamkia na mimi, nikaitikia. Halafu akapanda gari lake akaenda, mguu mmoja peku.

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja: kama salamu ya mtu mwenye tope tumboni inahesabika, kama mzungu akikuamkia leo kesho unamwamkia tena au umeshakuwa mkubwa wake. Leonidas hakuwasikiliza. Alimwona Luciana, mkewe, anakuja mbio kutoka upande wa soko, khanga imemteleza begani, hajali. Leonidas alikuwa amerudi jana usiku, akamwambia kiganja kimekatwa na uzi, akalala. Mengine mama huyu alikuwa ameyasikia sokoni sasa hivi, kutoka kwa watu baki.

Alifika, akapiga magoti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia wazee, wakapunguza sauti.

Hakuwatazama tena. Alimtazama mumewe toka kichwani hadi miguuni, kama anayehesabu viungo.

— Baba Kristina. Ni kweli uliingia ziwani?

— Ni kweli.

— Maji yalipita kichwa?

— Yalipita.

— Mimi na wewe tumezaliwa hapa hapa, alisema. — Maji yetu ni ya kuchimba mchangani. Masika mto ukijaa wewe unakaa ng'ambo mpaka maji yapungue, hata harusi ya dada yako uliikosa. Kuogelea umejifunzia wapi?

Alute, Redio yule, alimtazama mwenzake kana kwamba wameonana leo kwa mara ya kwanza. Mughwai akaacha kupuliza makaa.

Leonidas alitafuta jibu. Alirudi mpaka mashuani, mpaka kasia lilipomtoka mikononi, mpaka miguu ilipokosa chini, akatafuta kote huko, hakulikuta.

— Sijui kuogelea, alisema.

Luciana aliketi pale pale vumbini, akamshika mguu kwa mikono yake miwili, akaukaza, na hakuna aliyethubutu kumwambia auachie.