Puto la Gervas

Benchi la kijiwe chetu Mbagala ni ubao juu ya matofali, na upande anaokaa Gervas ubao umepinda. Gervas ni fundi vigae. Tangu uzito umzidi, magoti yamegoma, na fundi vigae asiyeweza kupiga magoti hana kazi. Jioni hiyo alitoka hospitali akatuambia kesho anawekewa puto tumboni. Sadallah, dalali wa viwanja, akashusha kikombe cha kahawa.

— Wanakupasua?

— Hawapasui, alisema Gervas. Wanakulaza usingizi, wanapitisha mpira mwembamba mdomoni, puto linashuka, wanalijaza maji. Ukila kidogo tu, umeshiba. Baada ya miezi sita wanalitoa.

— Maji gani hayo? aliuliza Theonest, kinyozi wetu.

— Ya chumvi, yametiwa rangi ya bluu. Likivuja unakojoa bluu, unawahi hospitali.

— Bluu, bana, alisema Theonest. Wapangaji wenzio wakikuta choo bluu, wanahama.

— Choo si ishu, alisema Sadallah. Maji ya chumvi ni bahari hiyo. Mwezi ukiwa mpevu, bahari inajaa. Na tumbo je? Utalala Mbagala, uamkie Kigamboni.

— Na maji yaliyotuama miezi sita yanaleta nini? alisema Theonest. Mbu. Utakuwa unacheua mbu, braza.

Sie tulicheka. Gervas hakucheka.

— Basi siendi, alisema.

Ndipo akaja Tunu, mkewe, na mfuko wa nguo za hospitali. Akatusalimia, tukamweleza habari ya mbu.

— Kuna aliyewahi kumwona mtu mwenye hilo puto? aliuliza.

Sadallah akamtazama Theonest. Theonest akatazama barabarani. Tunu akaketi kando ya mumewe.

— Baba Noela, kweli unaogopa mbu?

— Naogopa ule usingizi, alisema Gervas taratibu. Wakinilaza, nisipoamka je?

Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Tunu akaushika mkono wa mumewe, uliojaa sugu za saruji.

— Sijui, alisema. Ila nitakuwa mlangoni.

Gervas akanyoosha mikono. Sadallah akashika mmoja, Theonest mwingine, wakamvuta mpaka akasimama.

— Mie kesho sifungui saluni, alisema Theonest. Mlangoni tutakaa wote.