Kufuli na Nusu Mbili za Ufunguo

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ndiye mdogo wake nimfuataye, na jina la Kufuli nilimpa mimi. Ukimwambia jambo la siri, umelifungia stoo.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu chuo cha mawasiliano. Hesabu alizipenda kuliko usingizi.

Alifanya kazi kampuni ya simu miaka thelathini na moja akitunza funguo za siri, yaani zile namba ndefu zinazovuruga ujumbe njiani ili mdukuzi akiudaka aambulie patupu. Alizibadilisha kila mara, na ule mkuu aliugawa vipande, kila mtu na chake. Siku moja mkurugenzi mpya alitaka apewe wote. Akamjibu, "Bosi, hata mimi mwenyewe sina." Alirudi nyumbani akijua kibarua kimeota nyasi. Kumbe amepandishwa cheo.

Mwaka 1986 aliolewa na dereva wa lori, shemeji yetu mcheshi asiyejua kunong'ona. Walijaliwa binti, kisha mvulana. Shemeji alipofariki mwaka 2017, watoto walirushiana maneno pale pale msibani, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba hakumuuguza baba. Wakanuniana miaka. Mimi iliniudhi, mama yao ilimkondesha.

Ndipo akazikusanya picha zote za familia na sauti za baba yao, akazifunga kwenye kompyuta, akampa kila mtoto nusu ya ufunguo. Nusu moja haifungui kitu.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2022. Hospitalini nilimwambia, "Dada, hawa wakaidi. Picha na sauti zikipotea je?" Akasema, "Basi zitapotea. Wewe subiri tu." Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024.

Juzi jioni watoto walikaa mezani kwake. Binti akaandika nusu yake, mdogo wake akageuza uso kama mama alivyowafundisha. Kisha wakabadilishana. Sauti ya shemeji ikajaa sebule nzima: "Mama watoto, waite hao wawili, chakula kinapoa." Walilia wameshikana. Nami nililia, sioni haya kusema.

Dada ameacha mdogo wake mmoja, wajukuu watatu, na watoto wawili wanaosemezana. Alale kwa amani, Kufuli wetu.