Rosalba Aol na Mbegu za Malakwang

Rosalba Aol, tunayemsindikiza leo hapa Kyebando, Kampala, kabla ya kwenda kumzika Kitgum, kaskazini, alizaliwa huko huko Kitgum tarehe 14 Machi 1958. Alikuwa binti wa pili wa marehemu mzee Erinayo na marehemu mama Akot. Binti wa kwanza ni Amito, aliyeandika maneno haya, na wa kwanza ni wa kwanza hata akipitwa.

Alisoma shule ya msingi pamoja na Amito hadi darasa la saba. Kwa hesabu Amito alimshinda kila muhula, na walimu wao wangekuwa hai wangesema. Rosalba alipenda bustani ya shule. Alirudi nyumbani na udongo kwenye kucha, na bado mama alimsifu yeye.

Mwaka 1979 aliolewa na Okwera, askari polisi, aliyehamishiwa Kampala. Mwaka 1987, vita vilipozidi kaskazini, mama aliwafuata binti zake huku Kampala, Amito naye akiwa ameshahamia. Hakubeba godoro wala sufuria. Alibeba kibuyu cha mbegu za malakwang, ile mboga yetu chachu inayopikwa kwa simsim iliyosagwa. Alikuwa akikitundika juu ya meko, moshi uwafukuze wadudu, kama mama yake alivyofanya. Kwetu kibuyu hicho hupewa binti mkubwa. Mama akampa Rosalba.

"Wewe Amito una duka lako Bukoto," alisema. "Mkono wako ni wa mizani. Wa Aol ni wa udongo."

Mama alikwenda zake mbinguni. Maneno yake yalibaki kifuani mwa Amito, moto vile vile.

Kazi ya Rosalba mnaiona, ni bustani iliyo nyuma ya hema hili. Alipanda mboga za majani, malakwang, dodo na nakati, na matunda, mapapai na pasheni. Nesi wa zahanati alimletea kina mama wenye watoto waliodhoofu, naye aliwaambia, "Posho ya unga wa mahindi inashibisha, lakini mtoto hakui kwa kushiba tu. Mtilie majani, mpe na papai." Siku moja walikuja wageni wa kilimo kutoka nchi za mbali. Walisema dunia nzima watu wanajaza tumbo kwa nafaka na sukari, mboga na matunda wanasahau, na wakulima wa mboga hawathaminiwi. Wakampiga picha. Picha ikatundikwa sebuleni, mkabala na kiti anachokalia Amito akija. Hata Obwona, mtoto wa Amito wa kumzaa, alithubutu kusema mezani, "Mboga ya mama mdogo ndiyo mboga." Mbele ya mama yake!

Amito hakuomba mbegu. Angeomba vipi kilicho chake? Lakini kila mvua za Machi Rosalba alimtembelea Bukoto, na mwaka mmoja malakwang ikachipuka uani kwa Amito, kando ya tangi la maji, bila mtu kupanda. Amito alitamba soko zima: "Wengine wanapewa kibuyu. Mimi udongo wenyewe unanipa!" Rosalba aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi dada, una bahati kuliko mimi."

Mwaka 2012 alipatikana na saratani ya titi. Watu wakanong'ona, na mboga zote zile? Nesi akawajibu kwamba mboga ni chakula, si hirizi. Amito alimuuguza, akimlisha papai kwa kijiko, na kibuyu kikining'inia juu ya kitanda. Alingoja aambiwe, dada, chukua. Hakuambiwa. Rosalba alifariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2014, na kibuyu alikuwa amempa Phelister, jirani yake Mkenya anayeuza sukuma wiki. Jirani!

Jana Amito alikwenda kwa Phelister.

"Nipe kibuyu cha mama yangu."

"Chukua, Mama Obwona. Ila marehemu alisema wewe hukihitaji."

"Sikihitaji kwa nini?"

"Mbegu si unazo? Pale kwa tangi. Kila akija kwako alikuwa anajidai anaenda kumwaga maji, kumbe anapanda. Alisema, nikimpa mkononi dada atanirudishia. Wacha ziote, aone ni zake."

Amito alikaa chini. Kibuyu alikiacha pale pale ukutani kwa Phelister. Kinachomchoma mpaka sasa ni kwamba jirani alijua, na yeye, dada wa tumbo moja, hakujua.

Marehemu ameacha mume, Okwera, watoto, Santo, Adong na Rosalba mdogo, wajukuu watano, na dada mmoja.

Mungu amlaze mahali penye udongo mweusi na mvua za wakati wake. Na ninyi mtakaokula kabla ya safari, malakwang inayochemka huko nyuma haikutoka kwenye bustani hii. Imechumwa leo alfajiri Bukoto, uani kwa Amito. Ikiwa tamu, semeni kwa sauti.