Meza Moja Huko Matema

Katika gari la kwenda Masukulu, Mzee Twaha, asiyemjua yeyote garini, alifumba macho akivuta uradi, ila masikio hayana kope. Mbele yake mwalimu Stumai, mgeni aliyeolewa Ikuti, alimsimulia jirani yake wa kiti, Mama Tupokigwe, mipango ya Jumamosi: hoteli ya kifahari Matema, ziwa mbele, milima nyuma, na meza moja ya kulia yeye, mumewe na baba mkwe.

"Tangu niolewe, mama, nikiingia yeye hutoka. Nataka tule samaki pamoja, aache kunichukia."

Tupokigwe akacheka kwa chini. "Mwalimu, unamkaribisha mzee au unamfukuza? Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Anapokukimbia ndipo anapokuheshimu."

"Hata hotelini?"

"Ziwa halifuti mila."

Stumai akatazama migomba dirishani. "Mbona amekubali kuja? Mume wangu anasema tangu jana anang'arisha viatu."

Tupokigwe naye akageukia migomba. Gari likasimama. Mzee Twaha alishuka polepole kuliko magoti yake yalivyodai, akitaka kusikia jibu, lakini halikutoka.