Bwana Ukungu wa Kiwanda cha Magodoro

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee safari ya kaka yetu, naye alituusia tusilie sana, kwa hiyo atakayecheka hajakosa adabu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi seremala, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1979 akaajiriwa kiwanda cha magodoro, chumba cha kumimina sponji, ambako kemikali huumua povu kama hamira kwenye unga, na mvuke wake hutanda chumba kizima. Mwaka 1983 alimwoa mshonaji mwenye duka mkabala na geti, wakajaliwa mabinti wawili, hawa hapa mbele.

Sasa hilo jina la Ukungu. Kila jioni yeye na wenzake walitoka zamu wakiona ukungu wa buluu na duara kuzunguka kila taa, wakatembea wameshikana mabega, wakilaumu hali ya hewa, na asubuhi kukawa kweupe. Jioni moja alimwomba mkewe, shemeji yetu, asifunge duka mpaka ukungu upungue, shemeji akachungulia nje, akamuuliza ukungu gani huo, mbona yeye anaona hata ndege kwenye waya. Kaka akamtazama binti wa kwanza aliyekuwa amempakata, akaona uso wa mtoto umefifia, akaogopa sana kwamba iko siku hautarudi.

Kesho yake alimweleza msimamizi, akaambiwa anatafuta likizo, basi akamwomba kwa heshima zote ashinde nao chumbani zamu moja tu. Jioni msimamizi alikaa garini pale getini, akimwambia mlinzi anasubiri ukungu uondoke ndipo aendeshe, na anga safi kabisa. Jamani, tulicheka! Kumbe ukungu ulikuwa machoni, umeletwa na ule mvuke; mwezi haukuisha, feni za kuutoa nje zikawekwa, mapipa ya kemikali yakapata vifuniko, macho yakatulia, jina likabaki.

Alistaafu mwaka 2018, akaanza kuugua moyo Januari mwaka huu, na ametutoka alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na wewe msimamizi, mzee wetu, uliyekuja na fimbo yako.

Jioni yake ya mwisho alimtungia shemeji uzi kwenye sindano, bila miwani, mara moja tu, kisha akawatazama mabinti zake, mmoja baada ya mwingine, akasema anawaona vizuri.

Kaka Ukungu, pumzika kwa amani, njia ni nyeupe.