Salamu Moja kwa Mzigo Mzima

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Dokta Silasi, mganga mfawidhi wa kituo, baba paroko na wachungaji, wazee wetu mliotoka Bukima na Murangi, watumishi wenzangu, na ninyi mliobanana dirishani kwa sababu viti vimeishia kwa wenye vyeo: shikamooni nyote, kwa mkupuo mmoja. Msinune. Mtajua sasa hivi kwa nini Matroni Ghati, anayesalimiaga mpaka mbuzi wa jirani, leo amesalimia mara moja tu.

Tumekusanyika kumuaga Euphrasia Mugeta, afisa wetu wa TEHAMA, binti wa Butiama, anayehamishiwa Bunda. Wengi mnamwita dada wa kompyuta. Mimi namjua kama mtu aliyenifanya nishike kichwa kwa mikono miwili nikasema, jamani, kumbe inawezekana!

Mnazikumbuka mvua za masika yaliyopita. Sara, huyo hapo nyuma mwenye kitenge cha bluu, aliletwa na mumewe Fredi, mimba imekomaa, damu inamtoka. Dokta Silasi akampima kwa ultrasaundi, akaninong'oneza kwamba kondo la nyuma limeziba njia, na anahofia limeng'ang'ania kovu la upasuaji wake wa kwanza. Kama halijashika, tungempasua hapa hapa. Kama limeshika, kumpasua hapa bila damu ya kutosha ni kumuua kwa mikono yetu. Wa kutuambia alikuwa daktari bingwa aliyeko Musoma, na bingwa alitaka aone picha.

Picha zilikuwa mamia, Mheshimiwa. Na mtandao wetu mnaujua: mvua ikinyesha, ujumbe wa "nimefika" unafika wewe mwenyewe umeshaondoka. Tukatuma. Kaduara kale kakazunguka, kakazunguka. Zikaenda picha chache, mtandao ukakata, zikaanza upya. Fredi yuko mlangoni, kofia mkononi, anauliza, "Matroni, zimefika?"

Nikachukua simu nimpigie muuguzi wa kule, Justina. Sasa mimi ni mtu wa Mara. Nitamrukiaje mwenzangu na shida bila kumsalimu? "Justina, habari za huko? Watoto hawajambo? Mama mguu umepona? Mvua je?" Ikakata. Nikapiga tena. "Justina, habari za huko? Watoto..." Ikakata. Nikapiga tena, bado niko kwenye mguu wa mama yake, Euphrasia akapiga meza.

"Matroni, subiri! Unajua unafanya nini?"

"Nasalimia. Kwani kwenu hamsalimianagi?"

"Basi ndicho mashine zetu zinachofanya! Kila picha inapiga hodi, inasubiri iitikiwe, inaingia, inaaga. Inayofuata nayo, hodi. Njia yenyewe mbovu, muda wote unaishia mlangoni. Ngoja nizifunge zote mzigo mmoja, zisalimie mara moja."

Akakaa. Akazifunga picha zote kwenye faili moja, akalibana likanywea bila kupoteza hata doa la picha, maana doa ndilo alilokuwa analitafuta bingwa. Akalipangia kwamba mtandao ukikata, ukirudi liendelee pale lilipoishia, lisirudi nyumbani kuanza safari. Halafu akatugeukia, mpole kabisa: "Jamani, tokeni wote kwenye waifai." Hata mzee Nyamhanga, mlinzi wetu, akaachana na mpira wake. Mzee, na wewe tunakushukuru, ingawa timu yako ilifungwa.

Mtandao ulikuwa ule ule. Hakuna aliyepanda mnara, hakuna aliyevuta waya mpya. Ule mstari wa kijani kwenye kioo ukatambaa, ukakwama, nikafumba macho. Nikafumbua, umeendelea pale pale ulipoishia. Mungu wangu! Ukafika mwisho. Muda si mrefu simu ikaita, na bingwa hakuuliza habari za mtu: "Msimpasue hapo! Limeshika kovu. Mleteni, damu tunaiandaa."

Vyombo vya upasuaji tulikuwa tumeshavichemsha. Mnanielewa? Dokta Silasi alikuwa anangoja neno tu. Mpaka leo nikivigusa vile vyombo namshukuru Mungu kwa sauti, na wauguzi wangu wanadhani nimezeeka.

Mimi nimezalisha akina mama wa mwambao huu mpaka nazalisha watoto wa niliowazalisha. Mikono mingi nimeiona ikiokoa watu. Lakini kuokoa roho mbili bila kumgusa mgonjwa, kwa kuzifundisha mashine adabu ya kusalimia? Hilo nililiona hapa, kwenye kile chumba chetu cha kompyuta kinachovuja.

Euphrasia, mwanangu, unaondoka. Fredi amekuletea samaki, sato wale wenyewe, usiwagawe stendi. Mimi ombi langu ni moja: usije ukatutumia salamu vipande vipande, leo ujumbe, kesho picha. Zikusanye, uzilete mwenyewe.

Sara, simama, mama. Tangu atoke hospitali amekuwa kwa mama yake Buhare. Leo ndiyo amerudi. Euphrasia, huyu mtoto wewe ulimwona kwenye kioo tu, madoa meusi na meupe. Njoo mbele. Nyoosha mikono, usiogope, ana shingo ngumu sasa. Haya, mpokee: huu ndio mzigo uliotuma Musoma, na umefika mzima.

Ngojeni, nifute macho. Asanteni kwa kunisikiliza, nyote, kwa mkupuo mmoja.